Shangazi Alififia, Baba Aliporomoka

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu pamoja na wauguzi wako, nanyi ndugu zangu mnaouguza majumbani, hamjambo?

Kabla kliniki hii ya wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu haijafunguliwa, nimeombwa niseme neno. Nitasema ya nyumbani kwetu. Baba mdogo, yule pale safu ya pili, ameniambia nisimfiche.

Shangazi yangu, mkunga mstaafu, alianza kusahau taratibu. Aliuliza swali, akajibiwa, akaliuliza tena kabla chai haijapoa. Miaka ikapita, hata akapotea kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yake. Ilianza lini? Hakuna awezaye kusema. Daktari aliuita ugonjwa wa Alzheimer.

Baba, fundi umeme, hakuanza hivyo. Asubuhi alikuwa kazini anavuta nyaya. Mchana alisimama mbele ya swichi, asijue kipi kitangulie kipi. Mdomo ulipinda kidogo, akawa anaburuta mguu. Akaanzishiwa dawa za presha, akapata nafuu, tukashukuru. Miezi michache baadaye akaporomoka tena, na safari hii hakurudi pale alipokuwa.

Baba mdogo akatoa hukumu sebuleni: "Ni ule ule wa dada. Ndiyo damu yetu. Dawa za presha za nini tena? Msimtese mzee."

Nilibisha, nikaambiwa mtoto hawafundishi wazee. Dawa zikaondolewa. Baba alipoanza kushika kichwa akiugulia, nilimpakia kwenye teksi hadi hospitali bila kumuaga mtu.

Daktari alipima presha mkono mmoja, akapima na wa pili. "Nani alimwachisha dawa?"

Baba mdogo alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni. "Mimi. Mtu asiyekumbuka kitu, presha inamhusu nini?"

Baba alikuwa anatazama sakafu. Tulishasahau kwamba anasikia. Maneno yakamtoka moja moja: "Sija... sahau. Nina... chelewa tu."



Picha ya ubongo ilipokuja, Daktari alitueleza. Vijishipa vya damu vya Baba vilikuwa vimeziba, na kila kilichoziba kiliondoka na sehemu ya akili yake. Iliyokufa hairudi; iliyobaki hulindwa kwa kuishusha presha. Kwa Shangazi, ubongo wenyewe unanyauka kidogo kidogo, na dawa zake ni nyingine, za kupunguza makali kwa muda. Akatuonya pia kwamba maradhi haya mawili huweza kumkuta mtu mmoja, hivyo tusipimane sebuleni.

Baba mdogo akajikalisha. "Kumbe nilikuwa namuua kaka yangu."

"Bado yu hai," Daktari akamjibu. "Kesho asubuhi nani atampa kidonge?"

"Mimi." Na anampa hadi leo, mvua au jua.

Sisemi Baba amepona. Hagusi nyaya tena, lakini hajaporomoka tena. Shangazi anazidi kufifia. Wiki iliyopita aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamwambia, "Wa kaka yako." Akanisogezea kiti chake: "Basi kaa, mwanangu, umesimama sana."

Ndugu zangu, katika vyumba hivi mtaulizwa mgonjwa wenu alianzaje, na dawa gani ameacha. Semeni kweli, hata kama kweli hiyo inamgusa mnayempenda, naye ameketi kando yenu anasikia.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.