Kuelekea kwa Kinyozi

Benchi letu linahama na kivuli. Asubuhi tunakaa upande wa duka. Mchana tunalibeba, tunavuka barabara, tunakaa mkabala na pale pale, mgongo kwenye ukuta wa bohari. Sheria hiyo aliitunga Jaji, mstaafu ambaye hajawahi kuingia mahakamani, kwa hoja kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali inamsifu mchapakazi, ila sisi tumechukua nusu yake ya kivuli. Siku hiyo juu ya sinia la vikombe kulikuwa na kabureta ya pampu ya maji. Pampu ni ya dada yake Injinia, anayekuza miche ya kabichi bondeni. Ilikuwa inakohoa na kuzima, Injinia akaifungua kabureta asubuhi ili aisafishe, na ile skrubu ya kupimia mafuta na hewa ikagoma kutoka. Miche haikuwa imeonja maji tangu jana. Injinia, tuliyempa jina hilo baada ya kufufua pasi moja ya mkaa, alikuwa na wasiwasi wa kweli.

Injinia: Kichwa cha skrubu kinaanza kulika, jamani. Kikiisha hiki sina pa kushika.

Jaji: Zungusha kuelekea kwa kinyozi. Nilishaamua asubuhi.

Injinia: Nimezungusha kuelekea kwa kinyozi mpaka kiganja kimechubuka. Asubuhi ilikuwa inaonyesha dalili ya kusogea. Sasa ndiyo imekaza kabisa.

Jaji: Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Hiyo inahusu watoto, Jaji.

Jaji: Na skrubu ilikuwa mtoto asubuhi. Mmeichelewesha.

Redio, ambaye tangu tumfahamu hajazimwa, aliweka kikombe chini.

Redio: Hamjui mambo nyie. Kiwandani wanazigundisha makusudi. Gundi yenyewe inalala, ukiigusa tu inaamka.

Mimi: Gundi inaamka?

Redio: Ndiyo maana nasema tuongee polepole.

Tukaongea polepole kwa muda. Skrubu haikusogea.

Mzee Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa anapuliza mkaa wake.

Mzee Birika: Chuma kinamjua mwenyewe. Mkono wa kaka si mkono wa dada. Hiyo inamsubiri mwenye pampu.

Redio: Na gundi?

Mzee Birika: Gundi nayo inamsubiri.

Injinia: Basi mtamweleza wenyewe, maana yule anakuja.

Dada mtu alikuwa anavuka barabara, kanga imefungwa kiunoni, matope makavu miguuni. Alitusalimia wote kwa heshima, akaangalia sinia.

Dada: Kaka, miche ya mbele imeshalala. Naimwagilia kwa kopo, lakini shamba lile si la kopo.

Injinia: Nipe muda kidogo, dada yangu.

Dada: Mnazungushia wapi?

Jaji: Kwa kinyozi, mwanangu. Ndiyo njia ya kufungulia.

Alitazama kibanda cha kinyozi mwisho wa mtaa. Kisha akatazama duka, ng'ambo ya barabara.

Dada: Na asubuhi, mlipoanza, mlikuwa mmekaa wapi?

Asubuhi tulikuwa kule, na kinyozi alikuwa mkono wetu wa kushoto. Sasa alikuwa mkono wa kulia. Tangu mchana tulikuwa tunaikaza skrubu ya watu, tena kwa zamu.

Redio alizima.

Injinia aliinamisha kichwa. Niliona aibu kwa niaba yake, na kidogo kwa niaba yangu, maana zamu yangu niliikaza kwa nguvu zote. Akageuza bisibisi upande wa kushoto. Haikusogea. Tulikuwa tumeishindilia vizuri mno.

Dada: Kaka, kifuniko cha chupa kikigoma, mama alikuwa anafanyaje?

Injinia alimwangalia dada yake, akaangalia jiko la Mzee Birika. Birika lilikuwa linachemka, na hiyo ndiyo ilikuwa kahawa ya mwisho. Akalinyanyua kwa kitambaa, akaimimina yote juu ya kabureta, taratibu, kuizunguka ile skrubu, mpaka sinia likajaa machicha ya kahawa. Akabana bisibisi, akazungusha kushoto.

Ikaachia.

Dada: Ncha ya skrubu haijapinda. Asante, kaka. Twende tukaisafishe.

Wakaondoka wakiwa wanakimbia, dada ameikumbatia kabureta kwenye kanga yake, harufu ya kahawa ikiwafuata. Tulibaki na vikombe vikavu. Mzee Birika alilipindua birika kuthibitisha. Hatimaye tukasikia bondeni pampu inakohoa, inakohoa tena, halafu inashika na kunguruma bila kukata. Nilifurahi mpaka nikasahau kiu.

Jaji alisikiliza mpaka aliporidhika.

Jaji: Kesho asubuhi tukirudi upande ule, hukumu yangu itakuwa sahihi.