Mgongo Safi: Maisha ya Baba Yetu, Askari wa Miavuli

Kwa nini baba anaitwa Mlango? Niliuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, mezani, siku ya familia kule kambini, mama akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, baba mdogo akasema anaona wingu la mvua, na baba mwenyewe akaniongezea maji kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Ndugu waombolezaji, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, na jana baba mdogo alinisihi nisome tarehe tu, akasema, "Hapa si kwenye mdahalo wenu wa chuo, mwanangu," nami nilimwahidi kwamba tarehe zote zitasomwa.

Baba alizaliwa tarehe 4 Mei 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa breki za mabehewa na mama mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza sekondari mwaka 1986, ambako walimu walimkumbuka kwa hesabu nzuri, na pia kwa kuruka kutoka paa la bweni akining'inia kwenye shuka za wenzake alizozishona pamoja, safari iliyoishia kwenye kitanda cha zahanati huku wenye shuka wakizidai.

Tarehe 12 Januari 1988 alijiunga na jeshi, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda brigedi ya miavuli, ambayo ilianza kama kombania moja iliyolala kwenye ghala tupu kando ya uwanja wa ndege, ikijifunza kuruka kutoka jukwaa la mbao, na alipofika yeye ilikuwa imekua hadi kuwa na vikosi vitatu na ndege zake. Kwa ninyi mnaoijua kwa gwaride tu, kazi ya brigedi hii ni kushushwa kwa ndege mahali ambapo barabara haifiki au adui ameifunga, kukamata daraja au uwanja wa ndege, na kuushikilia mpaka wenzao wenye magari na mizinga wafike, hata wakichelewa, na kwa kuwa wanashuka na kile tu wanachoweza kubeba, silaha yao ya kwanza ni kuaminiana. Mwaka wa mafuriko, 1993, ndio walioshuka kwenye mji uliozingirwa na maji, wakakwangua tope uwanjani kwa majembe mpaka ndege za chakula zikatua, na baba alikuwa mmoja wao.

Hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe, kwa hiyo ndani ya ndege kila askari humkagua aliye mbele yake, mikanda, mwavuli, na kamba inayoufungua, kisha humgonga begani na kusema, "Mgongo safi." Na wana mwiko wao, kwamba kosa uliloliona mgongoni mwa mwenzako unamwambia mwenyewe, humpelekei mkubwa, mwenye mgongo ndiye atakayelisema. Mgongo ambao baba aliukagua kwa miaka mingi ni wa rafiki yake, ambaye sisi watoto tunamwita Baba Mkubwa, aliyesimamia ndoa ya wazazi wetu tarehe 19 Septemba 1998, aliyenibeba nilipozaliwa mwaka 2001, na aliyempa jina mdogo wangu mwaka 2004.

Tarehe 7 Machi 2003, kwenye zoezi la kuruka, hao wawili walikuwa wa mwisho mstarini, baba nyuma, na walipofika mlangoni ndege ikayumba, Baba Mkubwa akabadilisha mkono, kamba yake ikapita chini ya kwapa, na angeruka hivyo ingemng'oa bega. Baba alimvuta, akaitoa kamba, akamgonga begani na kumwachia aruke, kisha akaruka mwenyewe wakati ndege imeshapita uwanja, akaangukia kwenye machimbo ya kokoto na kuvunjika mgongo. Msimamizi wa mlango aliona watu wawili wamekwama, basi, hakujua nani kamchelewesha nani. Bodi ya uchunguzi ikamuuliza Baba Mkubwa, aliyekuwa akingoja kukabidhiwa uongozi wa kombania, naye akajibu kwamba mwenzake aliingiwa na woga mlangoni.

Baba aliushika mwiko, akangoja mwenye mgongo aseme. Alivuliwa kofia nyekundu ya warukaji, akapelekwa stoo kukunja miavuli hadi alipostaafu mwaka 2018, na waliomwita Mlango, wakiulizana kwa kicheko kama leo umefungwa au uko wazi, walipanda ndege wakiwa na miavuli iliyopita mikononi mwake, na wote wakatua salama.

Mgongo ulimlaza kabisa mwezi Agosti mwaka jana, na tarehe 2 mwezi uliopita Baba Mkubwa alikuja wodini na machungwa, mimi nikiwa nyuma ya pazia nakunja nguo, nikamsikia baba akimuuliza polepole, "Ndugu yangu, watoto wangu watajua lini?" naye akajibu, "Ya zamani hayo, tuyaache yapumzike." Alipoondoka nilimtaka baba anieleze, akanieleza yote bila kumtukana mtu, kisha akaniambia nimmenyee chungwa, nami nikakataa, na hadi leo sijui kama nilimkatalia yeye au yale machungwa. Alifariki Jumanne iliyopita kwa homa ya mapafu, ameacha mjane na watoto wawili, na jeneza lake halina kofia, kwa sababu tumeambiwa kofia ni ya waliomaliza utumishi wakiwa warukaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa waliomgeuza kitandani kana kwamba ni baba yao, majirani waliotuachia gari lao bila kuuliza tutalirudisha lini, na mafundi wa stoo ya miavuli, ambao peke yao katika brigedi nzima hawakuwahi kumwita kwa jina lile.

Baba, umeshatua, hakuna tena wa kukuharakisha, lala salama.

Baba Mkubwa, uko safu ya mbele, kofia yako iko gotini, na brigedi imekaa nyuma yako. Baba mdogo, tarehe zimekwisha. Mwiko wenu unasema mwenye mgongo ndiye atakayesema, na baba aliungoja mdomo wako miaka ishirini na zaidi. Kabla hatujambeba, naomba usimame, uwageukie wenzako, uwaambie nani alimchelewesha nani mlangoni.