Mwalimu Kambere Éphraïm na Rangi za Kobalti

Huyu tunayemsindikiza leo ni Kambere Éphraïm, mwalimu wa kemia. Alizaliwa Mangina tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili wa kiume wa mkulima wa kahawa.

Primaire alisomea Mangina, secondaire Beni, na mwaka 1986 alipata graduat, shahada ya miaka mitatu, ya kemia Bukavu. Akaanza kufundisha Beni, akikaa Bungulu. “Métal inakaa katikati, na bengine banaizunguka,” alizoea kusema. “Benye kuizunguka bakibadilika, rangi nayo inabadilika.” Kwa maneno hayo, somo ambalo vitabu vinaliita complexes liliingia hata kwenye vichwa vigumu, na familia yetu inavyo vya kutosha.

Siku ya kupeleka mahari kwa kina Vagheni, mchumba wake, Julai 1989, alitaka kuwafurahisha wakwe. Akadondosha maji juu ya unga mweupe wa chumvi ya shaba, nao ukageuka bulu mbele yao. Baba mkwe aliuliza, kwa heshima zote, kama mbuzi wa mahari nao wangebadilika rangi wakinyeshewa, akaagiza wakaguliwe upya. Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 19 Agosti.

Mwaka 2015 vita iliwatoa Beni. Wakahamia Butembo, upande wa Rughenda, naye akapata darasa jipya. Lakini ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumla macho. Kufikia 2020 hakutofautisha tena rangi, na jambo aliloogopa ni moja: kutolewa darasani. Akaficha. Masikini, alidhani anaficha! Wanafunzi walipatana bila kumwambia: anayemimina anataja rangi kwa sauti, kana kwamba ndiyo desturi ya kemia dunia nzima.

Machi 2021 inspecteur, mkaguzi wa shule, akaja. Mwanafunzi Aisha, binti wa Hassan msafirishaji, alipasha moto maji ya kobalti yenye chumvi nyingi, akataja: waridi, sasa zambarau, sasa bulu. Inspecteur akachukua tube ya kioo yenye maji hayo, akamgeukia mwalimu, akamuuliza yeye anaona rangi gani.

“Mimi hapana ona tena, Monsieur l'inspecteur,” alijibu. “Uliza batoto.”

Akawauliza. Aisha akaeleza kwamba maji yameondoka kuzunguka kobalti na kloridi imeshika nafasi yao. Mwingine akaongeza, wa tatu akamrekebisha. Inspecteur akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akaomba ipozwe. Iliporudi waridi, akasema mwalimu aendelee.

Nyumbani Éphraïm alimsimulia Vagheni huku analia. Mama Vagheni alimjibu kwamba yeye alijua zamani: mutu mwenye kuona haendi misa na shati la kijani na tai nyekundu.

Alifundisha hadi Juni 2023, figo zilipochoka. Mwezi huu wa Mei Aisha, ambaye sasa naye anafundisha kemia, alikuja kumwona hospitalini. Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha karibu yote.

“Batoto bako banaona?” akamuuliza.

“Banaona, Mwalimu.”

“Basi, ni bien.”

Alifariki kesho yake alfajiri, tarehe 9 Mei 2025, Vagheni akiwa amemshika mkono. Tulimpenda sana, na tutamkosa sana.

Ameacha mjane, Mama Vagheni, watoto wake, Nadège na Phinées, wajukuu watano, na wanafunzi waliomwazima macho yao. Mungu ampokee, naye apumzike kwa amani.