Mama Agathe na Franjipani ya Kiwanjani

Mapadri, wazee, majirani, ninyi nyote mnaolia pamoja nasi, familia imeagiza msomewe maisha ya Mama Agathe Mumba, aliyezaliwa Mpala tarehe 4 machi 1957, mtoto wa tatu wa Papa Jacob, mvuvi, na Mama Christiane, mkulima, akasoma shule ya msingi hapo hapo misheni, kisha akaja Kalemie na kumaliza masomo ya ualimu mwaka 1976.

Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na tarehe 18 agosti 1979 alifunga ndoa na Papa Évariste, wakajaliwa Carmel, Edouard na Elsa, pamoja na wa nne asiyesema, franjipani, mti wa maua meupe ambao tawi lake alilitoa kwao Mpala. Tawi la kwanza lilioza, kwa kuwa Papa Évariste, kwa mapenzi yake, alilimwagilia maji asubuhi na jioni, na Mama, aliyejua kwamba tawi la mti huo likikatwa huachwa kwanza kivulini wiki nzima mpaka maziwa yake, yaani utomvu, yakauke, alileta lingine, na hakumwachia tena ndoo hadi Papa alipofariki mwaka 2009.

Ziwa lilipofurika na kuingia nyumbani mwaka 2021, wengine waliokoa magodoro, yeye aliokoa tawi, akalipanda huku kilimani, na tangu hapo hakuwa na raha, maana kila kiangazi mti huu hupukutisha majani yote ukabaki kama kuni, naye alikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ubichi, akiogopa umekufa, na akiogopa zaidi watakaodhani umekufa.

Figo zilianza kumsumbua februari 2025, akalazwa mara mbili, na aliwaambia watoto kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa kiangazi, kwa sababu kwenye matanga wapishi hutafuta kuni na vijana hukata matawi ya kuweka barabarani kujulisha msiba. Alifariki tarehe 9 julai, saa nne asubuhi, na jana mchana sisi wenyewe, ndugu zake, siyo wageni, tukaupiga shoka mti wake, Elsa akaja mbio tawi moja likiwa limekwisha kuanguka. Tunaona haya. Tawi limelazwa kivulini nyuma ya jiko, tafadhali lisiguswe wala lisimwagiliwe, baada ya wiki litapandwa kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na mikeka, na walimu wenzake waliokesha nasi.

Mama Agathe, leo asubuhi Elsa amekwaruza gome la mti wako, ndani ni bichi, usihangaike tena, pumzika kwa amani.