Euthikles, Mfunga Safu wa Akarnai

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii ya marehemu Euthikles, mwana wa Mnasoni, inasomwa na mdogo wake Demoni kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa hapa Akarnai, tarehe sita mwezi wa Thargelioni, mwaka ule mizeituni ilipozaa hadi matawi yakavunjika, akiwa mtoto wa pili wa mchoma mkaa, akasoma kwa mwalimu Lampsia, akajua kuandika vizuri, kinubi kidogo na mieleka sana.

Alipoingia jeshini, mzee wetu, ambaye roho yake yote ilikuwa kumwona mwanawe lokhagos, yaani kiongozi wa safu, alisikia kwamba kijana amepewa cheo cha uragos, yule wa mwisho kabisa anayewasukuma wanaolegea, na wakiwa wengi huitwa uragoi, akasema, "Kumbe nimezaa mchunga mikia," na tangu siku hiyo hakumjazia tena kikombe mezani, jambo lililomuuma sana marehemu, ingawa alilifanyia mzaha.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa Boedromioni, katika bonde la Oinoe, adui alitokea nyuma, jeshi likaamriwa kugeuka papo hapo, na waliokuwa mkiani wakawa ndio uso, naye marehemu akainua ngao akawaambia wenzake, "Haya, leo nyuma ndiyo mbele, msinisukume sana." Safu yake ilirudi nyumbani nzima, na mzee alimngoja langoni na jagi la divai, akamjazia kikombe kwa mkono wake, machozi yanamtoka. Marehemu alipewa ulokhagos, akaukataa, akisema wavivu wa Akarnai wangebaki njiani.

Mwezi wa Gamelioni alimwoa Arkhippe, na kwa mazoea akawa anatembea mwisho wa msafara wa harusi yake mwenyewe, hadi bibi harusi akamwita kutoka garini, "Wewe bwana, nafasi yako iko huku." Walijaliwa Nausistrate na Mnasoni, watoto ambao hawajawahi kuchelewa popote.

Aliugua kifua tangu baridi ilipoanza, akafariki juzi, tarehe tisa mwezi wa Posideoni, akiwa nyumbani kwake.

Familia inamshukuru tabibu Eriksia, majirani walioleta kuni na supu ya dengu, na wenzake wa safu watakaombeba. Kwa desturi yetu wanaume hutangulia na jeneza hufuata, kwa hiyo leo tena tuko mbele, naye yuko nyuma yetu, na atakayelegea njiani asilaumu mtu.

Lala salama, Uragos, sote tumefika.