Mwanafunzi wa Kumi

Mheshimiwa Ofisa Elimu, mgeni wetu rasmi; Mwalimu Mkuu, ambaye ni bosi wangu saa za kazi na mwalimu wangu wa fizikia saa zinazobaki; walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi wenzangu tisa ambao wote nawazidi umri kwa mbali: hamjambo?

Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Nilipowauliza kwa nini mimi, wakasema, "Mama Karani, wewe umezoea kupokea wageni."

Mheshimiwa, miaka miwili iliyopita barua yako ilipita mikononi mwangu, kama barua zote za shule hii. Ilisema darasa la sayansi lenye wanafunzi chini ya kumi lifungwe. Tulikuwa na tisa. Mnajua tisa maana yake nini? Mmoja akishikwa na mafua, mahudhurio yanaporomoka kwa zaidi ya asilimia kumi. Mzazi mmoja alikuwa akijigamba mtaani kwamba mwanawe hajawahi kutoka kwenye kumi bora, na hakusema uongo.

Lakini yule fundi viatu aliyeketi safu ya pili hakuwa na kicheko siku ile. Alikuja dirishani kwangu kuuliza kama ni kweli. Shule nyingine yenye maabara iko mwendo wa saa mbili kwa basi, na binti yake ndiye anayemuuguza mama yake. Akaniambia taratibu, "Basi atakaa nyumbani." Alipoondoka nikachukua fomu ya kujiunga, nikajaza jina langu, nikatafuta cheti changu cha zamani, na muhuri nikagonga mwenyewe.

Mwalimu Mkuu alidhani natania. Aliponiona na daftari akakupigia simu, Mheshimiwa, nawe ukapekua kanuni zako zote usione palipoandikwa kwamba karani haruhusiwi kusoma. Nakushukuru kwa kupekua, na zaidi kwa kutoona.

Basi nimesoma. Simu ya ofisini ikilia katikati ya kemia, natoka mbio, najibu, narudi, nakuta wenzangu wameshaninakilia ubao mzima. Binti wa fundi viatu alinifundisha milinganyo mara tatu, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwa wanangu wa kuwazaa. Ndiye aliyeongoza darasa, na chuo cha uuguzi kimeshamwita. Mzee, simama tukuone!

Sasa matokeo yenyewe. Wote tisa wamefaulu. Wa kumi amefeli hesabu, na wa kumi mnamjua. Ndiyo, Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekuharibia asilimia mia yako. Iliniuma, sitaficha. Nililia chooni dakika tano, nikanawa uso, nikarudi dirishani kwa sababu kulikuwa na foleni.

Ilikuwa foleni ya fomu za mwaka mpya. Na leo nimekuona umekuja na bahasha, Mheshimiwa, na bahasha za aina hiyo nazijua hata zikiwa mfukoni. Ni kweli, vijana waliojiandikisha darasa la sayansi ni tisa. Lakini aliyefeli anaruhusiwa kurudia, safari hii kanuni nimezisoma mwenyewe, na fomu yangu iko juu kabisa ya rundo. Tuko kumi.

Hiyo bahasha nikabidhi mimi, nitaiweka kwenye faili. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.