Kabuti la Marehemu Kivuva na Miti ya Mtaa wa Veranda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mchungaji wetu, imamu wetu, wenye maduka, na kina mama wenzetu mlioacha biashara mkaja:

"Mama Mutie, kwani mti nao husikia baridi?"

Hilo ni swali ambalo jirani yetu Jabiri, fundi wa cherehani, alimwuliza mwenzetu Syombua, ndiye Mama Mutie, asubuhi moja alipomwona anauvisha mti koti. Syombua hakugeuka. Alifunga kifungo cha mwisho, akamjibu, "Baridi hapana, Fundi. Ni aibu. Si unaona wameuvua nguo?"

Tumeanza na swali hilo kwa sababu hata wewe, Mheshimiwa, ulipokuwa ukiingia, umeona miti yetu ina alama nyekundu, na pengine umejiuliza lako. Tutakujibu polepole. Anayekusomea risala hii ndiye huyo Syombua. Shule aliachia darasa la saba, lakini tulimchagua kwa kuwa hababaiki mbele za watu.

KARIBU

Bwana asifiwe, na salaam aleikum. Karibu katika ghala hili la zamani la pamba. Kiti ulichokalia kimetoka kanisani, zulia lililo chini ya miguu yako limetoka msikitini, na chai imepikwa na Mutindi wa hoteli ya kona. Ukiona ni tamu kupita kiasi, tuvumilie. Mutindi akifurahi mkono wake hauoni sukari.

MTAA ULIVYOKUWA

Tulipopata uhuru, mtaa huu ndio uliokuwa mji. Pamba ilishushwa hapa, nta na ngozi zilipimwa hapa, na mama akitoka Migwani na vyondo vyake alikuja moja kwa moja kwenye veranda hizi. Kivuva, mume wa Syombua, alikuwa mlinzi wa maduka. Alivaa kabuti refu la kijani lenye vifungo vya shaba, na kila mtu wa Kitui wa miaka ile alilijua.

Halafu steji ya mabasi ikahamishiwa juu kule. Watu waliifuata, na biashara ikafuata watu. Duka moja likafungwa, kisha jirani yake. Ikabaki vumbi, msikiti, fundi Jabiri, na sisi wajane tuliokuwa tukiuza ndizi na pojo kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Kivuva aliendelea kulinda. Mungu alimchukua akiwa bado analinda milango ambayo ndani yake hamkuwa na kitu.

Baada ya mazishi Syombua alikuja kuuza pale pale mumewe alipokuwa akikaa. Jua la mchana lilikuwa linaingia hadi ukutani. Siku moja alituambia, "Kama watu wamekimbia jua, tuwatafutie kivuli." Hivyo tukaanza mwethya wetu, kazi ya kusaidiana kama mama zetu walivyofanya mashambani, ila sisi tuliifanya mjini. Tulifungua kwa maombi, tukachimba mashimo, tukapanda miarubaini pande zote mbili za barabara.

KOSA LETU

Mheshimiwa, hapo tulikosea, na hatuna wa kulaumu. Tulitaka kivuli, lakini tulichokipanda watu walikiona ni dawa. Mtoto akipata homa, mama yake anakuja kuvunja tawi. Mzee akiumwa na tumbo, anabandua ganda. Hata sisi wenyewe, kila mmoja kwa siri yake, tulichuma. Mti wa mbele ya duka alilokuwa akilinda Kivuva ndio ulioumia zaidi, maana ulikuwa karibu na njia. Ulibaki mweupe kama mfupa.

Tulijaribu kusema na watu. Walituitikia vizuri, wakaenda na majani. Tuliweka miiba, ikatoboa magurudumu ya baiskeli, tukatukanwa matusi ambayo hatuwezi kuyasoma mbele ya mchungaji.

Ndipo Syombua akaenda nyumbani, akafungua sanduku, akatoa kabuti. Lilikuwa nguo pekee ya marehemu aliyobaki nayo. Mwezi wa saba, Kitui ikipoa, alikuwa akijifunika nalo mwenyewe. Aliliombea kwanza. Kisha akaja akauvisha mti, na Jabiri akamwuliza swali lile.

Kesho yake alfajiri alikuja Mutunga, muuza dawa za miti, na panga lake na gunia. Kulikuwa na ukungu. Akaona kabuti limesimama mbele ya duka kama zamani. "Umeamkaje, Mzee Kivuva?" akasalimia kwa heshima. Alipita hatua kadhaa ndipo akakumbuka kwamba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. "Aiya, mwaitu! Mama yangu!" Panga likabaki hapa, gunia likabaki pale, na Mutunga tukasikia amefika mtoni.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini mti ule haukuguswa tena, kwa sababu hakuna mtu wa hapa anayeweza kumvua marehemu koti lake. Basi kila mjane akatafuta kwake. Koti la dereva likaja, la mwalimu likaja, na Sauda akaleta kanzu ya marehemu Faki, mume wake. Mutunga mwenyewe alirudi mchana, macho chini, akaomba panga lake. Syombua alimpa, akamwambia, "Ukitaka majani, njoo wakati wa kupogoa. Tutakupa bure. Ila ganda ni ngozi, Mutunga." Leo ndiye anayetupogolea.

MUNGU ALIVYOTUVUSHA

Mwaka wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, mabomba yalikauka. Sauda alikwenda kwa imamu akaomba maji ya udhu yasimwagike bure. Wanaume wa msikitini wakachimba mfereji mdogo hadi kwenye mizizi. Wengine wetu kanisani walinong'ona, "Sasa tutasema ni miti ya nani?" Syombua akawaambia, "Kiu haina dini. Leteni jembe." Maji ya msikiti yalilisha upande mmoja, na maji ya vyombo ya Mutindi yalilisha upande wa pili.

Leo, Mheshimiwa, tembea mtaani saa saba mchana. Karani wa posta anapitia huku ingawa njia yake ni ile ya juu. Duka la mbegu limefunguliwa, kinyozi amerudi, wazee wanakunywa chai verandani, na Jabiri ameongeza cherehani. Ndege wamekuja pia, ingawa Jabiri anadai wanachagua kuchafua kitambaa cheupe tu.

SHIDA YETU

Sasa mabasi nayo yanataka kurudi. Tulifurahi kusikia. Lakini wiki iliyopita walikuja watu na kopo la rangi, wakapaka alama nyekundu kila mti. Wamesema itakatwa yote, mabasi yapate pa kugeukia. Na juzi, mtaa ulipokuwa ukisafishwa kwa ajili yako, makoti yalivuliwa, tukaambiwa ni matambara na mgeni hapaswi kuyaona. Hatukubishana. Tuliyaokota.

Hatutaki kusema maneno mengi hapa. Tunasema tu tulivyoona kwa macho: watu walirudi kwa sababu ya kivuli, na mabasi yanarudi kwa sababu ya watu.

MAOMBI

Tunaomba bomba la maji karibu na soko, na toroli, maana migongo yetu si ya juzi.

Lakini hayo yanaweza kungoja. La leo ni hili. Nyuma ya ghala hili kuna kiwanja cha serikali, kipana, kisicho na kitu ila magunia yaliyooza. Tumemwomba dereva mmoja ajaribu kugeuza basi lake pale. Aligeuka mara moja, akapiga honi. Tunaomba mabasi yageukie pale. Tumeambiwa kesho utatia sahihi amri ya kuikata miti, na neno lako ndilo la mwisho. Tunaomba kabla ya kutia sahihi utembee mtaa wetu kwa miguu, si kwa gari, ukianzia kwenye mti wa mbele ya duka alilolinda Kivuva.

Tunakuombea wewe na nyumba yako. Mungu akupe afya, akupe maamuzi mema, na kila uendako ukute pa kupumzikia.

Hatutaimba wimbo wa kukuaga, kwa sababu saa hii ni ya kumwagilia, na leo ni zamu ya Syombua. Atakukabidhi karatasi hizi kwa mikono miwili. Kisha atachukua ndoo iliyo pale mlangoni, na kabuti ambalo Jabiri amelifua na kulitia kifungo kilichokuwa kimepotea, na atatoka kwenda kwenye mti ule wa mbele ya duka. Usione ni dharau. Mlango ataacha wazi.

Ni sisi,
Mwethya wa Wajane wa Mtaa wa Veranda,
Kitui, 1988